Adabu za Kumhamisha Mzazi Mzee



Swali lililoletwa katika halaka yetu ni hili: Mama yetu amekuwa mzee. Nyumba akaayo ni kubwa, na ngazi zake ni ndefu. Twataka kumhamishia nyumba ndogo iliyo karibu na mmoja wetu, lakini vyombo vyake ni vingi na havitaenea. Je, twaweza kuvipunguza sisi wenyewe bila ya kumsumbua? Au yafaa tutafute mtu wa kazi hiyo? Na mtu huyo mipaka yake ni ipi?

Swali hili ni zuri, na uzuri wake umezidi kwa kuwa mwulizaji ameuliza kabla ya kutenda. Wengi wetu hutenda kwanza, kisha tukaja kutafuta fatwa ya kututuliza moyo. Jawabu yangu kwa mukhtasari ni hii: mizigo ina mahamali wake, lakini mzee mwenyewe, na haki zilizomo ndani ya nyumba yake, vyataka mtu wa kuvihamisha pia. Aliyehamisha mizigo peke yake bado hajamhamisha mzee. Na wala sisemi haya kwa kuyasoma vitabuni tu. Nasema kwa jambo nililolishuhudia kwa macho yangu, na sehemu ya lawama yake ni yangu mimi.

Kisa cha Mzee wa Rusinga

Rusinga ni kisiwa cha Ziwa Viktoria, katika Kaunti ya Homa Bay. Wenyeji wake ni Wasuba, ambao wengi wao leo husema Kijaluo. Tangu miaka ya 1980 kisiwa hicho kimeunganishwa na mji wa Mbita ulio bara kwa tuta, na baadaye likajengwa daraja ili maji ya ziwa yapate kupita. Sisi watu wa Pwani twalijua zaidi jina la Rusinga kwa ajili ya Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akarudishwa kuzikwa kwao. Lakini wako wengine wengi wasio na majina makubwa, waliotoka pande zile wakaja kufanya kazi bandarini na relini Mombasa. Waliishi nasi, na baadhi yao wakasilimu, wakawa jirani zetu msikitini na matangani.

Mmoja katika hao alikuwa mzee wa darasa yetu. Alikuja Mombasa kijana, akafanya kazi bandarini mpaka akastaafu, akajenga nyumba ya vyumba sita huko Majengo. Katika vyumba hivyo viwili alikaa yeye na mkewe, na vinne walipangisha. Mkewe alifariki, na baada ya miaka miwili macho ya mzee yakaingia ukungu na magoti yakamlegea. Watoto wake, ambao wote wako Nairobi, wakashauriana kwamba arudi Rusinga kwa ndugu zake, akae katika nyumba ndogo ya vyumba viwili watakayomjengea. Mzee akakubali, tena kwa furaha.

Napenda msomaji ajue tangu mapema kwamba watoto hao ni watoto wema. Hawakutaka kumnyang'anya baba yao kitu. Walikuwa na ruhusa ya siku tatu makazini, na nyumba ilikuwa imejaa vyombo vya miaka arubaini. Basi wakaona kwamba mzee akiwapo, kila kitambaa kitakuwa na hadithi yake, na kazi haitakwisha. Mwana mkubwa akanijia baada ya sala ya Adhuhuri, akaniambia: "Sheikh, tafadhali mzuie mzee hapa msikitini mpaka baada ya Isha. Hatutaki aone uchungu."

Nikakubali. Nalidhani kwamba hiyo ndiyo huruma. Nikamketisha mzee karibu nami, nikamsomea, nikamuuliza habari za zamani, naye akawa akizungumza kwa raha. Wakati huo nyumbani kwake vyombo vilikuwa vikigawanywa mafungu: hiki chaenda, hiki chatupwa, hiki auziwe mchuuzi wa vitu vya kale aliyekuwa akingoja mlangoni. Na wenye lori, kwa kusema haki, walifanya kazi yao barabara. Havikuvunjika kikombe wala sahani.

Mzee aliniomba nimfikishe kwao, nami nikafuatana naye. Twalipita Nairobi, Narok, Kisii, Rongo na Homa Bay, mpaka tukafika Mbita na kuvuka kuingia kisiwani. Nyumba ilikuwa nzuri, mpya, ya mabati. Lakini mlango wake ulikuwa mwembamba, na kitanda cha samadari alichokilalia mzee tangu kuoa hakikuingia. Hakuna mtu aliyekuwa amepima. Kikaachwa nje chini ya mti, na usiku ule ikanyesha mvua. Mzee akalala juu ya godoro lililowekwa sakafuni, ambapo hawezi kuinuka bila ya kushikwa mkono. Alipotaka kusali hakujua aelekee wapi, kwa maana maisha yake yote ya sala yalikuwa Mombasa. Huko kibla ni kaskazini barabara, lakini kutoka Rusinga huelekea kaskazini na kupinda kidogo upande wa mashariki. Nikamwelekeza. Alipomaliza kusali akauliza: "Kasha la mama yenu limewekwa wapi?"

Watoto wakatazamana. Kasha lilikuwa limeuzwa.

Mzee hakupiga kelele. Alisema tu kwamba chini kabisa ndani ya kasha lile mlikuwa na fundo la kitambaa, na ndani ya fundo hilo bangili ya dhahabu. Bangili ile si yao. Ni ya mwanamke mmoja jirani, aliyemwekesha marehemu mkewe kabla ya kuugua, na mkewe alimwusia mumewe airudishe. Yeye alikuwa akingoja jirani huyo arudi kutoka safarini. Nguo zilizokuwamo kashani wale vijana walizitia katika magunia, wakayatoa magunia sadaka, bila ya kufungua kitambaa kimoja kimoja.

Mwana mkubwa alirudi Mombasa siku ya pili. Mchuuzi alikuwa amekwisha kuliuza kasha, na bangili haikupatikana mpaka leo. Watoto walichanga thamani yake wakamlipa mwenyewe, naye akapokea na kuwasamehe, Mwenyezi Mungu amjazi kheri. Deni limelipwa. Lakini kila ninapompigia mzee simu, baada ya salamu huniuliza: "Ile bangili, Sheikh, haijaonekana?" Nami sina la kumjibu. Siku ile ya kuuzwa kasha nalikuwa nimeketi naye, nikimzuia asende kwake.

Kosa Lilikuwa Wapi?

Baadhi ya wanafunzi waliposikia kisa hiki walisema kosa ni la mchuuzi, na wengine wakasema ni bahati mbaya. Mimi nasema kosa liliingia pale mwenye mali alipotolewa katika shauri la mali yake. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Israa, aya ya 23 na ya 24, ameambatanisha amri ya kuwafanyia wema wazazi na amri ya kumwabudu Yeye peke yake. Akataja khasa wakati wa uzee wao, na akakataza hata lile neno dogo la kuonyesha kuchoshwa nao. Basi ikiwa neno dogo la kuchoka limekatazwa, itakuwaje kuamua mambo ya mzee nyuma ya mgongo wake kwa kuwa hadithi zake zachukua muda mrefu?

Na sheria ya nchi yetu nayo yasema lililo karibu na haya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, ya kuishi kwa heshima, na ya kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Mzee hakupoteza umiliki wa vitu vyake kwa kuwa magoti yake yameuma.

Tena watu hawajui mas'ala moja kubwa ya fiqhi. Mzee mwenye akili timamu hana walii juu ya mali yake, hata akiwa kipofu, hata akiwa hawezi kusimama. Na aliyepotewa na akili kwa uzee, katika madhehebu ya Imam Shafi, mwanawe hawi walii wa mali yake kwa sababu tu ni mwanawe. Baba na babu wakiwa hawako, na hakuna wasii, jambo hilo ni la hakimu. Na hapa kwetu mahakama ndiyo yenye kumweka msimamizi wa mali ya asiyejiweza kwa akili. Basi yule asemaye, "Mama amesahau mambo, nimemwuzia vyombo vyake," na ajiulize alipewa ruhusa hiyo na nani.

Kazi Hii Ina Mafundi

Huenda mtu akasema: hizi ni kazi za jamaa, itakuwaje tukodi mtu? Nasema, hata kuchimba kaburi ni kazi ya jamaa, lakini twamtafuta ajuaye. Katika nchi ya Marekani wako watu ambao kazi yao ni hii tu, ya kuwasaidia wazee kutoka nyumba kubwa na kuingia ndogo, na tangu mwaka 2002 wana jumuiya yao. Twafaa kujua wafanyavyo.

Kwanza, fundi huyo huenda kwenye nyumba mpya kabla ya kugusa kitu katika nyumba ya zamani. Hupima milango, vyumba na kuta, akachora, akajua kitanda kitakaa wapi na kabati gani halitaingia. Kisha huketi na mzee, chumba baada ya chumba, kwa saa chache kila siku ili asichoke, wakagawa vitu mafungu manne: vya kwenda, vya kupewa jamaa, vya kuuzwa au kutolewa sadaka, na vya kutupwa. Huanza na vyombo visivyo na uzito moyoni, kama masufuria na viti vilivyovunjika, na picha na barua huziacha mwisho. Hupiga picha chumba cha kulala kilivyo, ili kule kwengine taa, saa na fimbo ya kutembelea viwekwe upande ule ule mkono ulikozoea. Ndiye asimamiaye wenye lori. Na siku ya kuhamia haondoki mpaka kitanda kimetandikwa, dawa ziko mahali pake, na njia ya kwenda chooni iko wazi. Mara nyingi hulipwa kwa saa azifanyazo.

Wengine watasema, haya ni mambo ya Wazungu. Ewe ndugu yangu, lililo jema halina kabila. Nasi tuna mfano ulio bora kuliko huo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipohama Makka, watu wa mji, hata waliomfanyia uadui, walikuwa wamewekesha amana zao kwake. Usiku ule wa hatari hakuziacha zikapotea wala hakuondoka nazo. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma akazirudisha kwa wenyewe moja moja, na wapokezi wa sira wamesema Ali alikaa siku tatu kwa kazi hiyo, ndipo akafuata. Angalia basi: katika hama iliyo kubwa kuliko zote mlikuwa na mtu maalumu aliyepewa kazi ya kujua kitu gani ni cha nani. Sisi twahama bila ya hatari yoyote, na hatuna mtu huyo.

Hukumu za Mwenye Kuajiriwa

Mkimpata mtu wa kuwasaidia, awe jirani mwenye busara au mtu afanyaye kwa ujira, haya ndiyo ya kuyashika.

La kwanza, kazi iwe inajulikana na ujira uwe unajulikana. Msiseme, "Fanya, tutaonana." Andikeni: siku ngapi, vyumba vingapi, shilingi ngapi, nani alipa lori na nani alipa mahamali. Na ujira wake msiucheleweshe, kwa maana Mtume ametuamrisha kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

La pili, mtu huyo mkono wake ni mkono wa amana. Kikivunjika kitu bila ya uzembe wake halipi. Akizembea au akikiuka alilokatazwa, alipa. Na mtoto wa nyumba akiuza kitu cha baba yake bila ya idhini huyo si mwaminifu aliyepatwa na bahati mbaya. Amevuka mpaka, na dhamana ni juu yake. Ndiyo maana wale vijana iliwapasa kulipa bangili, japokuwa hawakujua kama imo.

La tatu, aliyewakilishwa kuuza hawezi kujiuzia mwenyewe, wala kuuza chini ya thamani ya kawaida, ila kwa ruhusa ya mwenye mali. Hili khasa laingia katika miji yetu ya Pwani. Makasha ya zamani, viti vya enzi, milango ya nakshi na vyombo vya kaure vina wachuuzi wanaojua bei yake vizuri kuliko warithi. Mtu wa kupanga vyombo asiwe ndiye mnunuzi, wala asiwe dalali wa mnunuzi. Ulizeni watu wawili watatu bei kabla ya kitu kutoka mlangoni.

La nne, asifungue barua wala daftari bila ya idhini, na alichokiona ndani ya nyumba asikitoe nje kwa maneno.

Vitu Vyenye Hukumu Zake

Si kila kilichomo ndani ya nyumba ya mzee ni chake. Kabla ya kugawa mafungu yale manne liko fungu la tano, nalo ndilo la kuanza.

Amana za watu. Mwulizeni mzee, kwa upole na faraghani: "Kuna kitu cha mtu hapa?" Wanawake wazee wa mitaa yetu ndio waliokuwa benki ya majirani. Huwekeshwa dhahabu, fedha za mchezo, na hati za nyumba. Fungueni kila fundo la kitambaa na kila mfuko. Kitabu mkipukute kurasa kabla ya kukitoa.

Mirathi isiyogawanywa. Mzee wetu wa Rusinga alikuwa na kasha la mkewe aliyefariki. Kasha hilo halikuwa la mzee peke yake. Kwa kuwa mkewe aliacha watoto, mzee alikuwa na robo, na iliyobaki ni ya warithi wengine. Katika nyumba zetu ngapi vyombo vya marehemu vimechanganyika na vya aliye hai kwa miaka ishirini? Siku ya kuhama ndiyo siku ya kuvitenga. Mkihitilafiana, Mahakama ya Kadhi ipo kwa kazi hiyo.

Wakfu. Misahafu na vitabu vilivyoandikwa wakfu haviuzwi wala havigawanywi kwa watoto. Hurudishwa vilipowekwa wakfu.

Zawadi kwa watoto. Mzee akitaka kuwapa watoto vitu vyake angali hai, ni ruhusa yake, na zawadi hutimia ikikabidhiwa mkononi. Maneno "kabati hili ni lako nikifa" si zawadi bali ni wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Yampasa pia asipendelee. Nu'man bin Bashir baba yake alimpa zawadi, akataka Mtume awe shahidi. Mtume akamuuliza kama amewapa watoto wake wote mfano wake, na aliposema hapana, Mtume akakataa kushuhudia. Ugomvi wa ndugu wa miaka mingi mara nyingi umeanzia kwenye saa ya ukutani.

Wasia kwa wasio warithi, na sadaka za baada ya kufa, mwisho wake ni thuluthi. Hilo ndilo alilofundishwa Sa'd bin Abi Waqqas alipougua na akataka kuitoa mali yake. Mtume akamwambia kwamba hata thuluthi ni nyingi.

Mzee Ahamie Wapi?

Kwa hili nalijifunza Rusinga jambo ambalo sikulitarajia. Katika mila za Wajaluo, ambazo Wasuba nao wamezishika, mzazi halali katika nyumba ya mwanawe, na mama mkwe halali kwa mkwewe. Mwanzoni nalidhani ni miko tu isiyo na maana. Lakini nikaona natija yake: mzee hawi mgeni katika chumba cha nyuma cha mtu mwengine. Hujengewa nyumba yake mwenyewe, ndogo, ndani ya boma lile lile, naye hubaki mwenye mlango. Wanawe wako hatua chache, na ufunguo uko mkononi mwake. Hatulazimiki kuzifuata mila hizo, wala sheria yetu haimkatazi mzazi kulala kwa mwanawe. Lakini hekima hii yatufaa. Ikiwa mnaweza kumpa mama yenu chumba chenye mlango wake, choo chake na jiko dogo lake, hicho ni bora kwake kuliko chumba kipana katikati ya kelele za wajukuu ambapo hana amri hata ya kufungua dirisha.

Tena angalieni mahali penyewe. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 ziliinua Ziwa Viktoria mpaka, kufikia Mei 2020, maji yakapita hata kipimo cha mwaka 1964 kilichokuwa kikitajwa kwa miaka mingi. Nyumba za kandokando ya ziwa ziliingiliwa na maji, na watu wakahama. Ndiyo sababu watoto wa mzee wetu walimjengea juu mlimani, mbali na ufuo, na kwa hilo waliona mbali. Lakini mlima wenye usalama na maji ni mgumu kwa magoti. Choo kilikuwa chini ya mteremko, na msikiti hauko mahali pa kufikiwa kwa miguu ya mzee. Kama angekwenda mtu mmoja kutazama kabla ya kujenga, akiwa na mzee pamoja naye, choo kingewekwa juu na mlango ungepanuliwa. Gharama isingezidi sana.

Makaratasi nayo yawe katika mfuko mmoja, na mfuko huo usipande lori. Uende na mzee mwenyewe. Utiwe ndani yake kitambulisho, hati ya nyumba au shamba, cheti cha ndoa na cheti cha kifo cha mwenzake, karatasi za pensheni, za benki, za Mamlaka ya Afya ya Jamii, na orodha ya dawa. Mzee wa miaka 70 na zaidi aliyeandikishwa katika mpango wa Inua Jamii, apewaye shilingi 2,000 kwa mwezi, na aulize kabla ya kuhama atazipokeaje huko aendako.

Wajibu wa Wazee Wenyewe

Isidhaniwe kwamba lawama ni ya vijana peke yao. Enyi wazee wetu, nanyi mna wajibu. Mwenye kuweka amana ya mtu chini ya kasha bila ya kuandika, na bila ya kumwambia hata mwana mmoja, ameitia amana hiyo hatarini. Mwaka 2017 bibi mmoja wa Kiswidi, Margareta Magnusson, alitoa kitabu juu ya kazi ya mzee kuisafisha nyumba yake mwenyewe angali hai, ili asiwaachie watoto mzigo huo. Sisi twaamrishwa tangu zamani kwamba mwenye jambo la kuusia asilale bila ya wasia wake kuandikwa. Basi msingoje magoti yaume. Kila mwezi fungueni sanduku moja. Kitoeni msichokitumia mkiwa na nguvu ya kuchagua apewe nani. Furaha ya kumwona mjukuu akiivaa saa yako ni bora kuliko kuiacha igombaniwe.

Na tuache pia yale yasiyo na asili: kumwita mganga aondoe mkosi wa nyumba mpya, au kukopa fedha kwa karamu ya kuhamia hali kitanda hakijapata pa kuingia. Fedha hizo zimlipe fundi wa kupanua mlango.

Khatima

Jawabu ya mwulizaji basi ni hii. Muhamisheni mama yenu ikiwa ameridhia na ikiwa ni maslaha yake. Tafuteni mtu mwaminifu, mumlipe ujira unaojulikana, awe wake na si wenu; yaani akiulizwa hiki kiende wapi, amtazame mama kabla ya kuwatazama ninyi. Msimalize kwa siku tatu jambo lililokusanyika kwa miaka arubaini. Anzeni na amana za watu. Pimeni mlango. Na mtu yeyote, hata akiwa sheikh wenu, akiwaambia mumzuie mzee mahali ili asione, msimkubalie.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wazee wetu, na atusamehe tuliyowakosea tukidhani twawahurumia. Amin.

Maswali ya kujibiwa katika halaka ijayo:

1. Mzee ameuza kabati lake akiwa timamu, kisha watoto wakasema bei ni ndogo. Je, wana haki ya kuvunja mauzo?

2. Mwenye lori ameangusha sanduku kwa kuwa kamba aliyoambiwa aibadilishe ilikuwa mbovu. Je, alipa?

3. Bibi amemwambia binti yake, "Mkufu huu ni wako," lakini ameendelea kuuvaa mpaka akafa. Mkufu ni wa nani?

4. Kila mwanafunzi na aulize nyumbani kwao kama kuna amana ya mtu, na kama imeandikwa. Jawabu ya swali hili asituletee sisi; ampelekee mwenyewe.